Mnaotembelea magari ya zamani kila siku, tupeane uzoefu: ni siku gani lilikuumbua?

MzeeWaDX
Wakuu, leo asubuhi nimepita Mwenge nikamkuta kijana kakwama katikati ya barabara, boneti juu, nyuma yake honi kama msafara wa harusi. Gari lenyewe jipya. Taa ya injini inawaka, anasubiri fundi aje na kompyuta. Nilitaka kucheka, nikakumbuka siku yangu pale Ubungo, 2011, kabla hatujajengewa daraja.

Nina Corolla DX, KE70, injini 4K, niliachiwa na marehemu baba mdogo. Taa zimeruhusu, naingiza gia, ikakohoa mara mbili, kimya. Stata inapiga vizuri, moto hakuna. Konda wa daladala ya nyuma akashuka kabisa ili anitukane kwa karibu. Sasa kulikuwa na jamaa anauza maji ya chupa, akatua ndoo yake akaniambia, "Mzee, fungua kifuniko cha distribyuta." Akatoa kiberiti mfukoni, akachana ule upande wa kuwashia, akaukunja, akaupitisha katikati ya platini, vile vidole viwili vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate moto, mara tatu nne, akapuliza. Nikapiga stata, ikaitika.

Kumbe alikuwa fundi Ilala, gereji yao ikabomolewa, ndiyo kahamia kwenye maji. Nikampa elfu tano, akanitupia chupa mbili dirishani, hakutaka nimdai.

Tangu siku hiyo kiberiti na msasa laini vinakaa pamoja na kadi ya bima. Haya, nani mwingine?

Kaburetaa
Platini inasingiziwa tu. Zikiungua mara kwa mara hivyo, mwizi ni kondensa, kale kakopo kanakozuia cheche zisiziunguze.

MwlTanga
Mimi ni mwalimu, natembelea Beetle ya 1972. Asiyeijua: betri inakaa chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Kumbukeni hapo.

Tulikuwa tunakwenda msibani Muheza. Nyuma nimempakia shangazi, mtu mwenye mwili wake, na akachagua upande wa kulia ili asipigwe na jua. Tumefika Pongwe ananiambia, "Mwanangu, mbona kiti chako kinachoma?" Nikamjibu ni joto la Tanga, shangazi, fungua kioo. Mbele kidogo nasikia harufu kama mtu anachoma makumbi shambani. Viti vya gari hizi za kale vimeshindiliwa usumba, basi ndio uliokuwa unaungua. Springi za kiti zimebonyea, zimegusa vichwa vya betri, zimekuwa nyekundu kama za jiko la umeme.

Nilisimama katikati ya barabara, sikuwasha hata indiketa. Shangazi katoka mwenyewe, na hajawahi kutoka garini bila kushikwa mkono. Kitenge kimetoboka tundu la ukubwa wa sahani ya kikombe, ngozi salama, alhamdulillahi. Siku ya pili nikakata zulia la mpira nikafunika betri. Kama una Beetle na hujafunika, usisubiri shangazi yako.

PwaniMrima
Shangazi alikuwa anageuzwa mshikaki 😂😂

MwlTanga
Wewe cheka. Mpaka leo anasema hapandi gari linalopika watu.

Kijana2000
Samahani wazee, kwa nini mnajitesa? Si mnunue IST tu.

MzeeWaDX
IST za mwanzo ni za 2002. Imeshapita miaka ishirini, mwanangu. Karibu chamani, kadi utaikuta mapokezi.

Mstaafu504
Hayo yenu ni ya mjini. Ngoja niseme ya mlima Kitonga, ambayo nyumbani kwangu hairuhusiwi kusimuliwa mama mkwe akiwepo.

Mwezi wa nne, 2009. Peugeot 504 wagoni, gia za kwenye usukani. Namtoa mama mkwe Iringa kumpeleka Morogoro, mke wangu kajifungua. Nyuma kuna magunia matatu ya viazi, kuku wanne, na madumu mawili ya ulanzi, pombe ya mianzi, ambayo mama alisema ni ya wageni wa mtoto. Wiki ile fundi alikuwa amenibadilishia pedi za mbele. Nikamuuliza, mafuta ya breki je? Akasema, "Haya bado mazima bosi, tunaongeza tu." Akaongeza.

Tumepita Ilula, tumeanza kushuka. Nipo gia ya tatu, mguu juu ya breki muda wote, kama wanavyoshuka wajinga wote. Mbele yangu semitrela ya Zambia imebeba shaba, inatambaa. Kona ya kwanza sawa. Ya pili pedali imekuwa laini, unakanyaga kama godoro. Ya tatu pedali ikaenda mpaka kwenye zulia, ikalala.

Mama akasema, "Mwanangu, mbona unaongeza mwendo?"
"Siongezi, mama."
"Basi simamisha."
"Ndicho ninachotafuta, mama."
Hapo nikasikia mkoba unafunguliwa, rozari inatoka.

Nikapampu mara tano, sita, upepo mtupu. Handbreki ikashika kidogo, ikanuka, ikaachia. Nikakanyaga klachi, nikapiga resi, nikailazimisha gia ya pili iingie. Injini ilipiga yowe, lakini gari likaanza kujivuta nyuma kama mbuzi aliyeona kisu. Bado trela inakuja tu. Namba ya simu ya kampuni iliyoandikwa nyuma yake niliisoma yote, na tarakimu za mwisho ziko kichwani mpaka leo.

Upande mmoja korongo, upande mmoja mlima. Nikachagua mlima. Nikaliegemeza ubavu kwenye kingo za mawe, kioo cha pembeni kikaenda zake, milango miwili ikaimba, halafu tairi la mbele likadumbukia mtaroni tukasimama. Kimya. Kisha kuku. Kisha harufu: dumu moja limepasuka, ulanzi unatiririka chini ya viti unatafuta miguu yetu. Breki zinanuka, ulanzi unanuka, mama mkwe anatazama mbele tu, hasemi.

Dereva wa lori lililokuwa linapanda akaja na tanboi wake, akainama kwenye gurudumu, akanusa, akacheka. "Mafuta yamechemka. Kaeni nusu saa, na usimwagie maji." Kweli, baada ya nusu saa nikakanyaga pedali: ngumu kama jiwe, kama vile hakuna kilichotokea. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi ya pale kwenye kona. Ningekuwa peke yangu ningejiona nimeota.

Morogoro fundi mwingine alifungulia nikiwa nimesimama hapo. Yalitoka meusi kama kahawa ya kijiweni. Akanieleza kwamba mafuta ya breki yanakunywa maji ya hewani kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Diski zikipata moto yale maji yanakuwa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea tu, haufikishi kitu kwenye gurudumu. Kuongeza mapya juu ya ya zamani ni sawa na kumimina maziwa mabichi kwenye yaliyoganda.

Mama mkwe mpaka leo ananiita "dereva". Bila kucheka.

Kaburetaa
Nimeanza kunusa ulanzi hapa ofisini.

Kijana2000
Si ungezima injini tu mkuu?

Mkwawa109
Uzime injini Kitonga! Busta ya breki, inayouongezea mguu nguvu, inategemea mvuto wa injini. Na kwenye 504 ukichomoa ufunguo usukani unajifunga. Leo angekuwa anasimuliwa badala ya kusimulia.

FundiAsili
Makosa yalifanyika huko juu. Mlima unaushuka kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Ukianza na ya tatu umeshachelewa, sana sana unajadiliana na Mungu.

Mstaafu504
Sasa najua, fundi. Wakati ule nilikuwa najua kuwahi tu.

PwaniMrima
Mimi siamini kuhusu namba ya simu. Nani anasoma namba ya simu wakati wa kufa?

MwlTanga
Mimi naamini. Siku shangazi anaungua nilikuwa nahesabu nguzo za umeme.

Nakuru504
Huku Kenya hizo wagoni ndizo zilikuwa matatu za Nakuru–Nairobi kabla Nissan hazijaingia. Unakaliwa mapajani na mtu hujui jina lake, na gari inaenda tu. Ilishinda Safari Rally 1975, 1976 na 1978, nani atabisha?

PwaniMrima
Mimi nabisha. 1976 ilikuwa Joginder Singh na Mitsubishi Lancer. Msituibie.

Nakuru504
Sawa, 1975 na 1978. Lakini nionyeshe Lancer ya wakati huo inayofanya kazi leo. 504 yangu pikapu iko kwa boma hapa, inabeba maziwa kila asubuhi. Spea natoa Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan. Ukikosa hapo, mafundi wa jua kali wanakuchongea.

MzeeWaDX
Wakuu, uzi ulikuwa wa kuumbuliwa, sasa umekuwa wa mashindano. Turudi. Na mimi nina swali: siku hizi DX inapandisha joto kwenye foleni. Rejeta imezibuliwa, feni nzima.

FundiAsili
Toa tamostati, ile vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto. Imekwisha hiyo.

InjiniaKibaha
Tafadhali usitoe. Tamostati ikiwa nzima haichemshi gari hata siku moja. Ukiitoa, injini haifiki joto lake: inakula petroli, na oili inachafuka upesi. Nunua mpya. Kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto uone kama inafunguka.

FundiAsili
Hiyo ni ya Ulaya kwenye theluji. Dodoma tamostati ya nini?

InjiniaKibaha
Dodoma jua likiwaka sana ni nyuzi 35. Injini inataka zaidi ya 80. Fanya hesabu mwenyewe.

FundiAsili
Nimetoa tamostati tangu 1988, hakuna gari lililorudi kunilalamikia.

InjiniaKibaha
Halikurudi kwa sababu lilikufa.

Mkwawa109
Jamani. Mzee, angalia mfuniko wa rejeta kwanza. Ni wa bei ndogo na ndiyo maana hakuna anayeukumbuka. Mpira wake ukichoka presha haikai, maji yanachemka mapema. Mimi Land Rover yangu ilinisumbua mwaka mzima kumbe ni mfuniko.

Forodhani_Boy
Mie yangu haijapata kunikwamisha njiani, nasema kweli. Inaoza tu. Sisi visiwani bahari ndiyo fundi, inabomoa kwa chini wewe unapiga rangi kwa juu. Siku moja narudi Bububu na wanangu, mdogo kaangusha kiatu ndani ya gari. Mkubwa ananambia, "Baba, kiatu kile kule nyuma." Natazama kwenye kioo, kiatu kimelala katikati ya barabara. Sakafu ilikuwa zulia peke yake! Wala sikujua ni tangu lini tunakanyaga zulia lisilo na kitu chini.

Mkwawa109
😂 Raha ya Land Rover bodi ni aluminiamu, haiozi. Chasisi ndiyo inaoza, kwa hiyo utabaki na bodi nzuri isiyo na pa kukaa. Na mvua ikinyesha nje dakika kumi, ndani inanyesha saa nzima.

Kaburetaa
Forodhani, paka oili chafu chini yote, kila mwaka kabla ya masika.

InjiniaKibaha
Asipake kwenye bushi, zile mpira za kwenye maungio ya chini. Oili inakula mpira.

Kaburetaa
Nani kasema apake bushi? Unasoma au unatafuta ugomvi?

InjiniaKibaha
Umesema "chini yote".

MamaMboga_Moro
Nilikuwa napita tu. Tangi letu la Datsun lilitoboka Mikese, mume wangu akaziba kwa kipande cha sabuni ya kufulia. Tukafika Dar. Ile sabuni ilikaa miezi minne.

FundiAsili
Hiyo ni kweli kabisa, sabuni ya mche haiyeyuki kwenye petroli. Injinia naye aje abishe.

InjiniaKibaha
Sibishi. Ila miezi minne, mama?

MamaMboga_Moro
Mume ndiye alikuwa anasema "kesho".

MwlTanga
Mstaafu, hukutuambia. 504 ipo bado?

Mstaafu504
Ipo. Ile milango ina mikwaruzo yake mpaka leo, sikuipiga rangi. Mafuta ya breki nabadilisha yote kila mwaka wa pili, mwenyewe, simpi mtu. Yule mtoto aliyezaliwa wiki ile ndiye anakaa ndani kunikanyagia nikitoa hewa. Mimi nipo chini na spana na chupa yenye mpira, namwambia: kanyaga. Shikilia. Achia. Anachoka kabla yangu, ila haachi mpaka mapovu yaishe.

MwlTanga
Na mama mkwe?

Mstaafu504
Anakuja Krismasi. Kashakata tiketi ya basi.

MzeeWaDX
Mfuniko wa rejeta nimenunua, nitaleta majibu. Kondensa ya 4K nani anayo? Dukani wananipa ya gari jingine wanasema "itaingia tu".

Kaburetaa
Ninayo moja haijawahi kufungwa. Njoo Gerezani kesho kabla ya saa nne, na usije na kiberiti.