Namba zinawezaje kuchora zenyewe mstari wa fraktali?

Swali

Ndugu wanajamvi, habari zenu. Nimejifunza kuchora kwa kobe wa Python (kalamu inayotembea kwenye skrini kwa amri za lugha ya programu ya Python) na nimefanikiwa kuchora mstari wa fraktali, yaani ambao sehemu zake ndogo hufanana na umbo zima, ambao mwanahisabati Helge von Koch wa Sweden aliueleza mwaka 1904. Umbo linatoka sawasawa, ila linabaki kuwa mchoro wa kitabuni, na programu inajiita yenyewe mara nyingi mno kiasi cha kushindwa kufuatilia kinachoendelea. Natafuta mchoro ambao namba 1, 2, 3 na kuendelea ndizo zinazouamua hatua kwa hatua, huku uchaguzi wa rangi ukibaki mikononi mwangu. Nianzie wapi?

Jibu la kwanza

Anzia kwenye mstari wa joka, uliochunguzwa na John Heighway, mwanafizikia wa NASA, katika miaka ya 1960. Kabla ya kugusa kompyuta, chukua ukanda wa karatasi, ukunje katikati mara tatu, kila mara ukileta mwisho wa kulia juu ya ule wa kushoto, kisha ufungue ili kila kunjo lisimame kwa nyuzi 90. Ukianzia mwisho wa kushoto ambao haukuhama, kona zitafuatana hivi: kulia, kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kushoto (au kinyume chake, ikiwa unautazama ukingo wa pili).

Ipe kila kona namba yake. Igawe namba hiyo kwa 2 mpaka ibaki witiri, kisha igawe witiri hiyo kwa 4: baki likiwa 1, kobe ageuke kulia, likiwa 3, ageuke kushoto. Kona ya 12 inakuwa 6, halafu 3, kwa hiyo ni kushoto. Kona ya 20 inaishia 5, kwa hiyo ni kulia. Programu haina haja ya kujiita yenyewe hata mara moja.

Jibu la pili

Maelezo hayo ni sahihi, lakini ukichora hivyo hivyo utaona viboksi tu, kwa sababu mstari wa joka haujikati kamwe ila kona zake hugusana, na jicho hupotea pale pale zinapogusana. Zikate kona. Kwa upande (yaani urefu wa kipande kimoja cha mstari) wa pikseli 12, kobe aende 6, ageuke nyuzi 45, aende 4.24, kisha ageuke nyuzi 45 tena kuelekea upande ule ule. Hapo mstari mmoja mrefu unaonekana wazi tangu mwanzo hadi mwisho, na uzuri wake ndio huo.

Kuhusu rangi, hesabu ni mara ngapi namba ya kona inagawanyika kwa 2. Karibu nusu ya kona zitapata rangi ya kwanza, robo ya pili, thumuni ya tatu, na rangi adimu zitajitokeza zenyewe mahali pachache.

Jibu la tatu

Mimi napendelea rangi chache zaidi. Chora mistari minne kutoka nukta moja, kila mmoja ukianza kwa nyuzi 90 kutoka kwa mwenzake na kila mmoja kwa rangi yake. Hakuna kipande kitakachopita juu ya kingine, na eneo la katikati litajaa kabisa. Zingatia ukubwa wa karatasi: kila kunjo huongeza vipande maradufu, ilhali umbali kati ya ncha mbili huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha 2 tu. Makunjo 10 yana vipande 1,024 na kona 1,023, na ncha zake ziko mbali kwa pande 32, yaani pikseli 384 kwa kipimo kilichotajwa hapo juu. Ukifika makunjo 14, punguza upande uwe pikseli 4, na unene wa kalamu usizidi 1, la sivyo kona ulizozikata zitaungana tena.