Ulishawahi kupata ulichokuwa unakililia halafu raha hukuiona? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni.

Mimi nimepanga Manzese miaka tisa. Choo kimoja wapangaji sita, LUKU moja, kila wiki ugomvi, nani anachemsha maji kwa hita, nani kaacha pasi inawaka. Nikawa najisifu kabisa kwamba mi sio mtu wa watu, nipeni nyumba yangu na ukimya wangu muone nitakavyonenepa. Nikajinyima, tofali kidogo kidogo, mwaka jana nikahamia kwangu Chanika, plasta bado lakini yangu.

Wiki ya kwanza raha. Mwezi wa pili nikaanza kulala na redio inaongea. Saivi kila Jumapili napanda daladala mbili kurudi Manzese eti kunyoa, kwani Chanika nzima hakuna vinyozi? Nakaa kijiwe cha kahawa mpaka giza, na yule mama wa chumba cha tatu tuliyekuwa tunatukanana kisa umeme ndo ananiwekea chai. Kumbe miaka tisa yote sijijui.

Na wewe funguka.

#2
Mimi gari. Nilipokuwa nagombania daladala Mbagala asubuhi, wenye magari wakipita na viti vitupu nasema hawa watu wana roho mbaya, nikipata langu nitapakia watu bure. IST yangu mwaka wa pili huu, nikifika kituoni napandisha kioo naongeza mziki. Mke wangu anasema nimebadilika. Nimebadilika wapi, zamani sikuwa na kioo cha kupandisha tu.

#3
Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1978, wanasaikolojia wa Marekani waliwahoji watu 22 walioshinda bahati nasibu ya jimbo la Illinois, wakawalinganisha na wasioshinda. Furaha haikupishana kiasi cha maana, tena raha ndogondogo kama kupiga stori na rafiki au kunywa chai asubuhi walizisikia kidogo kuliko wenzao. Watu 22 wachache kweli, ila nikimsoma mleta mada naona kama wamemhoji yeye.

#4
Kwangu ilikuja kinyume. Nilipopunguzwa kazi nililia wiki nzima nikajua nimekwisha. Saivi nakaanga vitumbua alfajiri, na mume wangu ndo aliyeniambia huwa naimba jikoni, mwenyewe sikuwa najua.

#5 (mleta mada)
#4 ubarikiwe dada. #2, kumbe ndo wewe Jumapili ile na mvua ile? Kioo nilikiona mkuu.