Mrejesho: dume wa njano ametulia kidogo

Wakuu, niliwaletea hapa swali la mbuna wangu, wale samaki wa rangi wa miambani wa Ziwa Nyasa ninaowafuga kwenye tangi la kioo: dume wa njano alikuwa akiwakimbiza majike wa bluu hadi mapezi yanachanika. Ahsanteni sana kwa ushauri. Nilitoa mawe yote nikayapanga upya, mapango mengi hadi karibu na uso wa maji, akapoteza kabisa mipaka ya himaya yake. Nikaongeza majike, sasa wako wanne. Bado anafukuza, ila hasira zinagawanyika, hakuna anayeonewa peke yake. Minyoo nimeacha, nawapa chakula cha mwani. Na jana, jamani, jike mmoja kagoma kula, kidevu kimetuna: amebeba mayai mdomoni! Nahesabu wiki 3 hivi hadi atoe vifaranga.