Baiskeli, treni na nyumba za marafiki: gumzo la kikundi cha familia

Zawadi: Shikamooni wakubwa. Ramani nimeituma hapo juu. Miji mitatu, kila mji una rafiki yangu wa shule, na nataka kuwatembelea wote kwa baiskeli na treni. Wa kwanza yuko km 95, kutoka kwake hadi kwa wa pili km 230, kisha km 120 hadi kwa wa tatu. Reli inapita kote. Wapi nipige pedeli, wapi nipande treni?

Mjomba Salum: Marahaba mwanangu. Weka ramani pembeni kwanza. Waulize wenzako siku gani wapo nyumbani na wana nafasi, hasa mwenye watoto wadogo na anayefanya kazi za zamu. Tarehe zao hazisogei. Baiskeli na treni ndivyo vinavyosogea.

Kaka Baraka: Hiyo 230 ni ya treni. Au treni km 160, shuka stesheni ndogo, km 70 zilizobaki maliza kwa baiskeli.

Dada Rehema: Ukiwa na mizigo ya kilo 12 hadi 15, piga hesabu ya km 15 kwa saa, mapumziko mbali. Kila mita 100 za kupanda ongeza dakika kama 10. Kwa hiyo zile km 95, kama zina mlima wa mita 900, ni karibu saa 8 za pedeli, na ukijumlisha kula na kupumzika ni saa 10. Ondoka saa 12 asubuhi, utafika saa 10 jioni.

Zawadi: Na upepo je, dada?

Mjomba Salum: Hapo ndipo treni inapokufaa zaidi. Ikupeleke kule upepo unakotoka, au juu mto unakoanzia, halafu baiskeli ikushushe. Angalia upepo wa kawaida wa mwezi huo, usingoje utabiri wa jana yake. Upepo mkali wa mbele unaweza kula theluthi ya mwendo wako. Kama tarehe za marafiki zinakulazimisha uende kinyume na upepo, kipande hicho kipe treni, usione haya.

Kaka Baraka: Kabla ya tiketi, uliza baiskeli inasafiri vipi: nzima, ndani ya mfuko, au kwenye behewa la mizigo. Usidhani ni kitu kimoja kila mahali. Uholanzi kwa kawaida siku za kazi baiskeli nzima haipandi saa 12:30 hadi 3:00 asubuhi wala saa 10:00 hadi 12:30 jioni, lakini inayokunjwa inapanda muda wote bila malipo. Japani lazima uifungue au uikunje na kuifunika yote kwenye mfuko. Ujerumani, treni za masafa marefu zinadai nafasi ya baiskeli iwekwe mapema, na treni ya kasi iitwayo ICE 4 ina nafasi 8 tu za baiskeli. Hizo zikijaa, kiti chako hakikusaidii.

Kaka Baraka: Na usipange treni ya mwisho ya siku. Safari ikifutwa huleta basi, na mabasi hayo mara nyingi hayapokei baiskeli.

Zawadi: Ikibidi niifungue, naanzia wapi?

Dada Rehema: Weka cheni kwenye gia ndogo kabisa ya nyuma, gurudumu litatoka kirahisi. Bandika utepe kwenye nguzo ya kiti kabla ya kuishusha, usije ukahangaika kutafuta urefu wako. Kisha pedeli: spana ya mm 15, au spana ya L (Allen) ya mm 8 (nyingine mm 6). Pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume, ndiyo maana watu wanazidi kuikaza wakidhani wanafungua. Simamisha mpini wa spana uelekee juu, vuta kuelekea gurudumu la nyuma. Zote mbili zinalegea hivyo. Kurudisha, paka grisi na anza kwa vidole. Nyuzi zikipanda vibaya mkono wa pedeli umekwisha.

Dada Rehema: Breki za diski za mafuta: gurudumu likishatoka, ingiza kadibodi nene kati ya pedi. Mtu akibana breki bila kitu katikati, pistoni zinatoka na diski haiingii tena. Ikitokea, zisukume taratibu kwa kitu bapa cha plastiki.

Mjomba Salum: Usisahau kile kipande kidogo kinachoshika kihamisha cheni cha nyuma.

Dada Rehema: Kweli mjomba. Kikipinda, ukiweka gia nyepesi kabisa cheni inaweza kurukia kwenye spoku. Fungua kihamisha cheni kwa spana ya L ya mm 5, kizungushie kitambaa, kifunge ndani ya fremu. Beba kipande cha akiba cha fremu yako hasa, maana maumbo yake ni mengi na duka la njiani huenda lisiwe nacho.

Kaka Baraka: Ikipanda nzima, vua mabegi yote kabla treni haijaingia. Breki ya mbele ibane kwa mpira ili baiskeli isitembee behewani. Muulize jirani anashuka wapi. Anayetangulia kushuka, baiskeli yake ikae mbele ya nyingine, isizibwe. Behewa lenye kulabu za kutundikia linasumbua tairi pana na madigadi marefu. Na mahali pa kubadili treni jipe dakika 20 au zaidi, lifti huwa ndogo.

Shangazi Mwanaidi: Mmesahau wenyeji. Muulize rafiki mapema baiskeli italala wapi: kuna ngazi? kuna lifti? Cheni ifute kwa kitambaa nje ya mlango. Usimwahidi saa kamili, mwambie "kati ya saa 9 na saa 12", halafu piga simu ukibakisha km 20. Na lala usiku mbili. Usiku wa kwanza unaoga, unakula, unasinzia mezani. Mazungumzo ya watu wasioonana miaka mingi yanataka siku ya pili.

Zawadi: Wa pili naye ana baiskeli, shangazi. Anataka tuendeshe pamoja.

Shangazi Mwanaidi: Basi akufuate kwa treni hadi stesheni ndogo utakayoshukia, mje wote kwake. Lakini km 70 ni nyingi kwa asiyezoea, badala yake tafuta stesheni iliyo km 30 kutoka kwake.

Kaka Baraka: Hakikisha treni yako inasimama hapo siku hiyo. Stesheni ndogo nyingine zinarukwa wikendi.

Zawadi: Naangalia ratiba sasa hivi, kisha naweka nafasi ya baiskeli kabla ya kiti.