Rose Muhando: kutoka kwaya ya Dodoma hadi mkataba wa Sony

Mwanakwaya wa Mkunazini
Nawasalimu nyote. Vijana wa kwaya yetu wameniomba nizungumze nao Jumamosi ijayo juu ya Rose Muhando, mwimbaji wa nyimbo za Injili, nami nimejikuta nyimbo zake nazijua kwa ghibu lakini maisha yake siyajui. Alianzia wapi khasa? Na je, ni kweli kwamba ndiye msanii wa mwanzo wa Afrika Mashariki kuchukuliwa na kampuni kubwa ya nje?

Mgogo wa Michenzani
Ndugu yangu, alizaliwa mwaka 1976 Dumila, wilayani Kilosa, katika familia ya Kiislamu. Mwenyewe husimulia kwamba akiwa na umri wa miaka tisa aliugua, akamwona Yesu kitandani pale alipolala, akapona, na baadaye akaingia Ukristo. Lakini mimi ningewakalisha vijana wako zaidi kwenye kwaya ya Chimuli, ya Kanisa la Mtakatifu Maria la Anglikana, Dodoma, ambako alikuwa mwalimu wa kwaya kabla jina lake halijajulikana. Malezi hayo yanasikika hadi leo: yeye hutanguliza mstari kwa ile sauti yake nzito yenye mkwaruzo, wenziwe wakamjibu, na ukiwaondoa waitikiaji wimbo unabaki nusu. Mwaka 2005 alipewa tuzo za mtunzi bora na mwimbaji bora wa nyimbo za Injili Tanzania, na Februari 2011 ukatangazwa Dar es Salaam mkataba wake na Sony Music wa kutoa albamu kadhaa.

Mpenzi wa Taarab, Chake Chake
Mimi ni Muislamu na nyimbo hizo nazisikia daladalani tu, kwa hiyo ya kwaya nawaachia wenyewe. Hilo la “wa mwanzo”, hata hivyo, lisipite hivi hivi, maana Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mtoto wa Fumba hapa Unguja, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za HMV, kampuni ya Kiingereza, akiimba kwa Kiswahili, miaka 83 kabla ya mkataba huo. Mzungumzaji wa Unguja akisahau hilo, wazee watamcheka.

Mgogo wa Michenzani
Umesema kweli, Maalim, ila tutenganishe mambo mawili. Kurekodiwa na kampuni ya nje ni jambo moja, na kufungwa nayo kwa albamu kadhaa ni jingine. Sifa iliyotangazwa mwaka 2011 ilihusu hili la pili.

Mwanakwaya wa Mkunazini
Ahsanteni sana. Basi nitaanza na Chimuli, kwa kuwa walimu wetu wa kwaya huimba miaka nenda miaka rudi bila ya yeyote kuwauliza kama wana tungo zao wenyewe, na la Bi Siti nitalitaja palepale nitakapofika kwenye mkataba. Aliye na santuri ya Bi Siti inayosikika vizuri naomba aniazime hadi Jumapili.