Naomba ushauri: viwango vya kriketi vya ICC hukokotolewaje, na je, vinafaa kwa mashindano ya shule?

Mwalimu wa Jioni (Lindi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Hisabati katika sekondari moja hapa Lindi, na jioni ninasimamia vijana wanaocheza kriketi kwenye kiwanja cha mpira wa miguu, kwa mpira wa tenisi na magongo tuliyochongewa na seremala wa jirani. Muhula ujao shule nne zitashindana, na wanafunzi wangu, ambao hufuatilia orodha za Baraza la Kimataifa la Kriketi (ICC) kwenye simu za kaka zao, wanataka tupange timu na wachezaji wetu kwa utaratibu uleule.

Nimewakubalia, lakini orodha zenyewe zinanitatiza. Kila Mei naona timu zikipishana nafasi ingawa hazijaingia uwanjani. Timu kubwa huishinda timu dhaifu mara kadhaa na kiwango chake kikasogea kwa shida. Mchezaji aliyeumia, ambaye hajakosea lolote, naye hupungukiwa alama. Naomba mwenye kuielewa hesabu hii anifafanulie, kisha anishauri kama inafaa kwa shule nne.

Daraja la Kwanza (Newala)

Mwalimu, shikamoo. Kiwango cha timu ni wastani, wala si jumla ya ushindi. Kila mechi huipa timu alama kadhaa, alama hizo hujumlishwa, kisha hugawanywa kwa idadi ya mechi, kama unavyotafuta wastani wa mitihani ya mwanafunzi. Ndiyo maana timu inayocheza mechi nyingi haipandi kwa wingi wa mechi peke yake.

Alama za mechi moja hutegemea umecheza na nani. Ikiwa tofauti ya viwango kabla ya mechi haifiki 40, mshindi hupata kiwango cha mpinzani wake na kuongezewa 50, na aliyeshindwa hupata kiwango cha mpinzani wake na kupunguziwa 50. Chukua timu yenye kiwango cha 100 baada ya mechi 20, yaani jumla ya alama 2,000. Ikiishinda timu yenye kiwango cha 120, inapata 170. Jumla inakuwa 2,170 kwa mechi 21, na kiwango kipya ni 103. Mwenzake, aliyekuwa na alama 2,880 kwa mechi 24, anapata 50 tu na kushuka hadi 117.

Tofauti ikifika 40 au zaidi, kanuni hubadilika, na hapa ndipo penye jibu la swali lako la pili. Tuseme timu ya 190 inakutana na timu ya 120. Kwa kanuni ya kwanza, mkubwa akishinda angepata 120 na 50, yaani 170, ambayo iko chini ya wastani wake mwenyewe. Angeshinda na bado akashuka! Kuzuia kichekesho hicho, mwenye nguvu akishinda hupewa kiwango chake mwenyewe na nyongeza ya 10, yaani 200, na mnyonge hupewa 110. Mambo yakipinduka, mnyonge hupata 120 na 90, yaani 210, na mkubwa huambulia 100. Kwa hiyo kumpiga mnyonge kuna faida ndogo sana, ila kupigwa naye ni hasara kubwa. Uganda walipoifunga Zimbabwe mwezi Novemba 2023, wakaelekea Kombe la Dunia la ova 20 (ova moja ni marusho sita) la mwaka 2024, watu walitazama tiketi tu. Mimi nilikimbilia kwanza kutazama orodha.

Nyongeza ndogo: katika mechi za Testi, zile ndefu za hadi siku tano, kuna pia alama za kushinda mfululizo mzima wa mechi, si mechi mojamoja tu.

Bibi Takwimu (Mtwara)

Niongezee kuhusu Mei, maana hilo ndilo linalowachanganya wengi. Kila mwaka mwezi huo ICC hupunguza uzito wa mechi za zamani. Katika sasisho la Mei 2025, mechi zilizochezwa kabla ya Mei 2022 ziliondolewa kabisa, zile za kati ya Mei 2022 na Mei 2024 zikahesabiwa nusu, na za baada ya hapo zikahesabiwa kamili. Nusu hiyo hukatwa kwenye alama na pia kwenye idadi ya mechi. Timu iliyokuwa inaishi kwa sifa za miaka mitatu iliyopita hujikuta imeshuka bila kushika gongo, na mimi naona ni haki kabisa.

Wachezaji wana hesabu nyingine, iliyoanza mwaka 1987 na inayokwenda kwa kipimo cha 0 hadi 1,000. Huo nao ni wastani wenye uzito, ambapo mechi za karibuni huhesabika zaidi. Mpigaji hatazamwi mikimbio (pointi anazofunga) tu: inaangaliwa pia ubora wa warushaji aliokabiliana nao, na kama mechi yenyewe ilikuwa na mikimbio mingi au michache. Mikimbio 60 katika mechi ambayo wenzake wote wametolewa mapema inaweza kuzidi thamani mikimbio 100 katika mechi ambayo kila mtu amefunga. Mrushaji vilevile hulipwa zaidi akimtoa mpigaji wa kiwango cha juu kuliko akiwatoa wale wa mwisho. Kuvuka 900 ni jambo la nadra. Don Bradman wa Australia alifika 961 katika Testi, na hajapitwa.

Kuhusu majeruhi, mchezaji anayekosa mechi ya Testi ya nchi yake hupunguziwa asilimia 1. Haionekani kama huruma, lakini orodha inakusudia kuonyesha nani yuko katika hali nzuri sasa.

Mwalimu wa Jioni

Nawashukuru sana. Nimeelewa. Je, nami nianze na kiwango cha 100 kwa kila shule, kisha niendelee na kanuni hiyo?

Daraja la Kwanza

Mwalimu, kwa heshima, nisingekushauri. Kila shule itacheza mechi tatu tu, na kwa wastani wa mechi tatu, ushindi mmoja wa bahati utaivuruga orodha yote. Tumia alama mbili kwa ushindi na moja kwa sare, na kanuni ya ICC uifundishe darasani kwa namba za kubuni.

Bibi Takwimu

Ninakubaliana naye kuhusu timu. Kwa wachezaji wa pande zote, hata hivyo, kuna kitu cha kuazima: ICC huzidisha alama za upigaji kwa alama za urushaji, kisha hugawanya kwa 1,000. Mwenye 800 na 50 anapata 40. Mwenye 400 na 400 anapata 160. Vijana wako wataona mara moja kwa nini kuzidisha kunamfaa aliyekamilika pande zote mbili, jambo ambalo kujumlisha kungelificha.

Shule zikilingana alama, zitenganishe kwa wastani wa mikimbio: mikimbio uliyofunga kwa kila ova, ukitoa uliyofungwa kwa kila ova. Angalia tu kwamba timu ikitolewa yote mapema hugawanywa kwa ova zote ilizopangiwa. Waliofunga 60 wakatolewa katika ova ya 8 kati ya 10 wana 6.0, si 7.5, uliandike hilo kwenye kanuni za mashindano kabla ya mechi ya kwanza, maana wazazi watakuja na vikokotoo vyao.