Naomba ushauri: mtoto ana ngiri ya kinena, bibi yake anasema tusubiri

Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kiume ana miezi mitano, alizaliwa njiti. Akilia au akijikamua choo, kinena cha kulia kinavimba kama yai la kwale. Akitulia, uvimbe unarudi wenyewe. Daktari amesema ni ngiri, yaani utumbo unachomoza kupitia uwazi uliobaki kinenani, afanyiwe upasuaji mapema, na ametupa rufaa Muhimbili kwa madaktari wa upasuaji wa watoto.

Mama mkwe hataki kusikia habari ya kisu. Anasema mume wangu utotoni alikuwa na kitovu kikubwa, akafungwa sarafu kwa kitambaa, kikarudi. Nimemweleza kwa heshima zote: mama, kile kilikuwa kitovu, na vingi vya namna hiyo hujifunga vyenyewe kabla ya miaka 5, sarafu iwepo isiwepo. Ya kinena haijifungi. Utumbo ukinasa pale, damu inaweza isipite, na kwa wachanga hatari hiyo ni kubwa zaidi. Tumeambiwa uvimbe ukiwa mgumu na usirudi, mtoto akalia mfululizo au kutapika, tukimbie hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Mume wangu anaelewa, ila anamwogopa mama yake.

Waliopitia, naombeni mnisaidie. Mtoto mdogo hivi aliamkaje baada ya dawa ya usingizi? Mlilazwa? Kunyonya mlimsimamisha muda gani kabla? Gharama zilikuwaje kwa asiye na bima? Na aliyefanikiwa kumlainisha mama mkwe, alianzia wapi?